Sauti ya Mama Mkwe

Bega langu la kuume linaijua mvua kabla ya mawingu kuijua. Watu wa nyumbani husema ni uzee, nami nawaacha waseme, maana kuwaeleza kwamba ni redio iliyonivunja kunachosha kuliko kuumwa kwenyewe.

Miaka ile kabla ya uhuru nilifanya kazi kwa mzungu mmoja mzee aliyelima pareto kwenye milima ya Nyamitaba. Wazungu wengine walipenda bunduki, wengine mbwa. Huyu alipenda kuongea na watu asiowaona. Alikuwa na mashine ya zamani iliyobaki vitani, inayosikia na kusema pia, na karatasi ya serikali ya kumruhusu aitumie kwa kujifurahisha tu, pasipo mshahara wala amri ya mtu. Ilikuwa nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Siku ilipofika tuliipandisha kwa machela kama mgonjwa, na wapagazi wakaapa kwamba ililala usingizi njiani ikaongeza uzito.

Umeme haukuwepo. Kulikuwa na sanduku la chuma juu ya kigoda, lenye vishikio viwili kama pedali za baisikeli, ila hizi zilikuwa za mikono. Ukizungusha, mashine inaishi. Ukiacha, inakufa, hata kama mzungu yuko katikati ya neno.

Mimi nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni pale misioni, na nilitoka wa kwanza. Wenzangu wengi walikuwa wamelala darasani kwa uchovu wa mashamba, lakini wa kwanza ni wa kwanza. Nilipomwonyesha mzungu cheti changu nilitegemea kalamu. Akakisoma mbele na nyuma, akasema, "Vizuri, wewe unaweza kuhesabu. Utazungusha bila kubadili mwendo." Hivyo ndivyo elimu ilivyonipeleka kwenye vile vishikio.

Nilizungusha kila Jumapili baada ya misa. Kwa jinsi nilivyozungusha ningeweza kulikausha ziwa Kivu kwa kikombe, nikalirudisha. Na nilijifunza jambo ambalo hawakutufundisha misioni: mzungu akisikiliza, vishikio vinakuwa vyepesi, vinazunguka kama vya kusagia pilipili. Akisema, mara moja vinakuwa vizito, kana kwamba mtu amemwaga matope ndani ya sanduku. Ningeweza kufunga macho nikakuambia ni nani mwenye zamu. Mzungu wetu alipenda kusema kuliko kusikia, na bega langu ni shahidi.

Kazi yangu nyingine ilikuwa waya wa nje, ule wa kukamata sauti. Tulitengeneza wenyewe: waya wa shaba wa simu iliyokufa, tukaufunga kati ya nguzo mbili za mikaratusi, na kila mwisho tukaweka shingo ya chupa ya bia ili nguvu isikimbilie ndani ya mti. Chupa zilipatikana bila shida. Shida ilikuwa ng'ombe. Ng'ombe wa Nyamitaba hajawahi kuona nguzo asijikune, na akijikuna mmoja wanakuja ukoo mzima. Walipolala wao uliamka upepo. Waya ukikatika napanda nguzo, ukikatika tena napanda, na Jumatatu pareto inanisubiri na jua lake.

Aliyetuokoa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Huyo alikuwa chini kule Walikale, msituni, kwenye machimbo. Mzungu wa machimbo alikuwa rafiki wa hewani wa mzungu wetu, na shemeji ndiye aliyemtunzia waya na mashine. Wao huko walikuwa na mota ya mafuta, wakubwa hao, hawazungushi kitu. Wazungu wetu walipokwenda kula, tuliachiwa dakika za kujaribu kama waya bado uko mzima, mpishi akinisaidia kuzungusha huku akininung'unikia, nasi tukazitumia vizuri.

"Shemeji, waya imekatika tena?" aliniuliza siku moja.

"Imekatika. Iko upepo huku wa kung'oa meno."

"Munafunga sana! Waya inataka kupumua. Inamisha kamuti kabichi, kenye hakajakauka, funga waya ku kamuti, kama mutego wa mbawala. Upepo ikivuta, kamuti inafuata. Upepo ikiacha, kamuti inarudia."

"Na yako haijakatika?"

"Yangu? Nyani ilikalia juu yake juzi. Kamuti ikairusha. Mupaka sasa haijashuka."

Nilipanda mwanzi karibu na kila nguzo, nikauinamisha, nikafunga kama mtego. Waya haukukatika tena. Kuhusu nyani nilimwamini nusu.

Sasa mke wangu. Alikuwa binti wa msitu, nilimtoa kule chini nikamleta kwenye baridi hii. Mwaka wetu wa pili aliteleza kwenye njia ya kisima, mguu ukavunjika ukaunga vibaya. Tangu hapo alitembea kwa fimbo. Njia ya kushuka Kalembe na kuendelea mpaka kwao ilikuwa inameza malori mazima wakati wa mvua. Mtu wa fimbo ingemfanya kitafunio. Mama yake naye hakuweza kupanda. Basi miaka ikapita, mama na binti wakitumiana salamu kupitia wabeba chumvi, na salamu za wabeba chumvi unazijua, zinafika zimelowa.

Jumapili moja shemeji hakunitania. Alisema, "Mama macho yake yamekwisha. Anasema uso wa mutoto hatauona tena, basi asikie sauti. Sauti tu, mbele ya kulala usingizi wa mwisho."

Nilipompelekea mke wangu maneno hayo alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akaendelea kutwanga mpaka majani yakawa maji. Kisha akaniuliza, "Ile mashine inaweza kubeba mama yangu?"

"Inabeba wazungu wanene," nikamwambia. "Mama yako mwembamba itashindwa?"

Mzungu alikubali kwa sharti moja: baada ya mazungumzo yake, na kabla yeye hajamaliza supu. Shemeji akapanga kumleta mama kutoka kijijini, mwendo wa msitu, akiongozwa kwa mkono. Mpishi akakubali kuzungusha, akilalamika toka mzunguko wa kwanza: "Mimi niko mupishi, siko ngombe ya jembe!" Nami nikakaa mbele ya mashine kama chifu. Yale masikio ya chuma ya kusikilizia yalikuwa jozi moja tu, yakawa kichwani kwangu. Mke wangu alikaa kwenye kigoda, fimbo kati ya magoti, amevaa kitambaa chake cha misa. Mpango ulikuwa niite, nimpate shemeji, kisha nimvike mke wangu masikio.

Hapa msomaji ajue desturi. Kwetu mwanamume haongei na mama wa mke wake. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwingine apite. Jina lake hulitaji, mbele yake huli. Ndiyo heshima yenyewe, na mimi niliishika miaka yote bila kujikwaa.

Nikaita. Nikasikia pumzi. Haikuwa ya shemeji, ilikuwa pumzi ya mtu mzee aliyekaa karibu mno na chombo. Sauti ilikuwa safi kama ya mtu wa nyuma ya ukuta! Milima yote ile, msitu wote ule, na waya wangu wa chupa za bia umeileta pumzi ya mtu mpaka hapa! Furaha ikanipanda kichwani. Nikafungua mdomo wa mtu wa kwanza darasani, nikapiga kelele:

"Mama! Mama mukwe! Ni mimi, bwana ya mutoto wako! Unanisikia?"

Kikafuata kishindo, halafu shemeji, mbio mbio:

"Umefanya nini, shemeji! Mama ametupa masikio chini kama nyoka! Amejifunika kitambaa, anatoka! Anasema mukwe ameingia ndani ya kichwa yake!"

Mke wangu hakusikia neno kwenye mashine, lakini aliuona uso wangu. Alisimama kwa fimbo yake. "Umemufukuza mama yangu na mudomo," akasema, akashika njia ya nyumbani. Mpishi akaachia vishikio. "Hii njo masomo ya jioni ya misioni?" akauliza. Jioni ile nilikula bugali bila mboga, na bugali bila mboga ina urefu wake.

Kosa la namna hiyo linaoshwa kwa kuku. Nilimtuma jike mweupe kwa wabeba chumvi, na wakanirudishia jibu kwamba mama amempokea, na kwamba kuku alitaga njiani. Mama atarudi machimboni mara moja tu, maana miguu nayo inafuata macho. Lakini mkwe asiwe ndani ya nyumba yenye mashine. Asiguse maneno yake, wala asiyasikie.

"Basi imekwisha," nikamwambia mke wangu. "Mashine naijua mimi peke yangu."

"Nitaishika mimi."

"Na nani azungushe? Mupishi ameapa kwa mama yake, hazungushe tena."

"Wewe. Ku inje."

"Mama yako amesema nisiwe karibu."

"Mikono haina masikio," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Nilimwomba mzungu ruhusa. Alinitazama juu ya miwani. "Akiiharibu," akasema, "utaendelea kuzungusha hivyo hivyo bila mashine, mpaka ufe." Mke wangu alijifunza kitasa cha mashine: kukiinua ni kusema, kukishusha ni kusikia, na ukimaliza zamu unasema "à vous", yaani sasa ni wewe. Kwa wiki nzima kila sentensi nyumbani ilimalizika hivyo. "Chumvi imekwisha, à vous."

Jumapili ile kulikuwa na manyunyu. Nilikuwa nimekausha pareto wiki nzima, nikigeuza trei juu ya moshi, na mgongo wangu ulikuwa umeshapinda kabla sijaanza. Tulipitisha kamba ya umeme dirishani, nikaweka kigoda nyuma ya nyumba, uso kwenye kilima, mgongo kwenye ukuta. Nikamsikia mzungu anavuta kiti chake chumba cha kulia. Mke wangu akagonga ukuta kwa fimbo. Nikaanza kuzungusha.

Vishikio vikawa vizito: mke wangu anaita. Vyepesi: anasubiri. Vizito tena. Vyepesi. Hayo yalikuwa yake na kaka yake, niliyajua kwa ufupi wake. Kisha vikawa vizito kidogo sana, kama mtu ametaja neno moja tu, na neno hilo nafikiri nalijua.

Halafu vyepesi.

Vikabaki vyepesi. Nilizungusha, nikazungusha. Mvua ikaniingia shingoni. Mwanzoni nilifurahi: mama anaongea, ana miaka ya maneno, aongee. Lakini vikaendelea, na nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukifikiria nilipomzungushia mzungu. Mkono mwepesi ni mama anaongea. Ni pia mama amekaa kimya. Ni pia mama ametupa masikio chini kama nyoka na anarudi msituni kwa mara ya mwisho. Bega halijui tofauti. Ukuta ulikuwa wa matofali, na hata kama ungekuwa wa majani nisingethubutu kutega sikio. Nikaanza kuimba moyoni wimbo wa misa ili nisisikie hata kwa bahati mbaya. Mwendo ukapungua. Kila mzunguko ulikuwa mlima wa kupanda na gunia.

Fimbo ikagonga ukuta kwa hasira: zungusha!

Nikazungusha. Na mara, hapo hapo, vishikio vikawa vizito. Vizito kwa kitambo, kama mtu anasema "ee, mama", na kidogo zaidi. Halafu vyepesi tena, kwa muda mrefu. Halafu vizito. Sijawahi kuupenda uzito katika maisha yangu, lakini ule niliupokea kama mshahara. Walikuwa wanaongea. Binti maneno mafupi, mama marefu, kama inavyopasa. Mara nyingine uzito ulikuja na kuruka ruka, na mimi nikasema huyo anacheka, au analia, na mikono yangu haikuwa na shule ya kutosha kutenganisha.

Mzungu alitokea kwenye pembe ya nyumba, kitambaa cha kulia bado shingoni. Supu ilikuwa imekwisha, hata matunda yalikuwa yamekwisha. Alinitazama nilivyolowa, akatazama waya juu, mianzi inainama na kurudi. Akarudi ndani, akafunga mlango wa chumba cha kulia taratibu.

Mikono ilipofika mahali ambapo siisikii tena, mlango wa nyuma ukafunguka. Mke wangu alikuja kwa fimbo, kikombe cha maji mkononi, macho mekundu. Nikaacha kuzungusha. Nilijua imekwisha.

"Mama anasema yule anayezungusha apewe maji."

"Nani amemwambia nazungusha mimi?"

"Hakuna. Anasema sauti yangu inachoka, inaamka, inachoka. Anasema hiyo haiko mashine, hiyo iko muntu."

Mama mkwe hakuwahi kunitumia neno jema tangu nimwoe binti yake, na hilo nalo hakunitumia mimi. Nilikipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Kunywa mbio," akasema mke wangu, akigeuka. "Nimemwambia angoje. Bado hajamaliza."