Chupa ya Buluu

Tarehe tisa Machi, mvua tangu alfajiri. Fundi wa maabara alimkuta mwalimu wa kemia ameishika tena chupa ya feroseniamu, ile chumvi ya buluu inayozipokonya kemikali nyingine elektroni. Ilikuwa ya mwisho, na unyevu huiharibu. Mwalimu alizungusha kifuniko kwa vidole vyenye madoa, akachungulia kama mzazi anayemwamsha mtoto ili aone kama amelala.

“Mwalimu, wanafunzi wanaihitaji kesho kwa mtihani. Ifunge.”

“Naangalia tu, dada, kama bado ni buluu.”

“Utaiua kwa kuiangalia.”

Akafunga. Kisha akafungua, ahakikishe kwamba alifunga vizuri. Fundi akashusha pumzi.

Asubuhi iliyofuata chumvi ilikuwa imegeuka kahawia. Mwalimu aliinyanyua chupa dirishani, akamgeukia fundi: “Unaona, dada? Nisingekuwa naangalia, tungejuaje?”