Wilondja, Mkausha Mabomba

Wilondja nilimsikia kabla sijamwona. Ilikuwa Oktoba 2017, Fort Worth, uani kwa mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa anauza trela ya kusafiria, zile za kuvutwa na pikapu, zenye kitanda, jiko na choo chake ndani. Nilikuwa nimeikagua kwa dakika arobaini nikitafuta kasoro za kushushia bei, nikapata mbili tu, tena za kipuuzi. Nikampigia mume wangu simu, nikamweleza kwa Kiswahili kwamba mzee hataki kushuka na mimi nimekaribia kukubali.

"Mama, usikubali," sauti ikatoka chini ya trela. "Huku chini bomba lilishapasuka mara mbili. Ni mimi nililiziba."

Akajiburuta kutoka, mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, ovaroli juu ya suruali ya suti, mikono imelowa mpaka viwiko. Mzee alikuwa amemwita amwage maji yote kabla ya baridi. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama tajiri wake anajua anavyomharibia biashara.

"Anajua. Nilimwambia asubuhi, mteja akiniuliza minasema kweli. Akacheka tu. Alifikiri atakuja Muzungu mwenzake."

"Lakini mimi sikukuuliza."

"Ulikuwa unakaribia kuuliza, Mama."

Trela nikaichukua kwa bei niliyoitaka mimi, na namba ya simu ya Wilondja nikaichukua bure.

Biashara yangu wakati huo ilikuwa hivi. Agosti kimbunga Harvey kilikuwa kimeizamisha Houston, na watu wenye nyumba nzuri walikuwa wamebomoa kuta zao hadi kiunoni, wanalala hotelini au kwa ndugu. Mtu wa namna hiyo anataka trela aiegeshe mbele ya nyumba yake mpaka mafundi wamalize. Mimi nilikuwa nanunua huko kaskazini kwa watu waliochoka kusafiri, navuta mpaka Pearland, pembeni mwa Houston, ninakoishi, nauza. Nilianza maisha nikiuza mitumba soko la Memorial, Moshi, kwa hiyo kazi sikuiona ngeni. Kilichobadilika ni ukubwa wa mzigo.

Kufika mwisho wa Novemba nilibaki na trela tisa kwenye kiwanja nilichokodi, na wanunuzi wakapungua. Ikabidi nizivushe msimu wa baridi. Sasa adui wa trela ni maji yaliyobaki ndani. Yakiganda yanatanuka, yanapasua mabomba ya plastiki nyuma ya kuta, na huoni kitu. Utaona siku ya kumfungulia mteja koki, ukuta unatoa jasho na sakafu inabonyea chini ya kiatu. Trela iliyooza sakafu ni kuni.

Nikamtafuta Wilondja. Kumbe alikuwa anakuja Houston kila Jumamosi. Mkewe, Orpa, alikuwa na saratani ya damu, na hospitali moja kubwa ya Houston ilikuwa imempokea kwa matibabu ya miezi. Wilondja alifanya kazi ghalani Fort Worth, anapakia maboksi siku tano, siku ya sita anaendesha gari kwa saa nne na nusu kwenda kukaa kando ya kitanda, Jumapili jioni anarudi. Meneja wake alikuwa amekubali kumhamishia tawi la Houston, kwa sharti moja: awe na anwani ya Houston kabla Februari haijaisha. Anwani hakuwa nayo. Baada ya mafuriko vyumba vya kupanga vilikuwa vimejaa, na vilivyobaki wenyewe walitaka mpangaji awe na mshahara mara tatu ya kodi.

Hayo yote alinieleza siku ya kwanza aliyokuja kiwanjani, bila kulalamika, huku anazunguka trela moja baada ya nyingine na kugonga kuta kwa kijiko. Akasimama mbele ya ile ndogo kuliko zote, ya futi kumi na nne.

"Hii unaiuza ngapi?"

Nikaona mlango wa biashara. Ile ndogo paa lake lilikuwa linavuja na sikutegemea mtu aichukue. Nikamwambia: "Mzee Wilondja, sikuuzii. Nikaushie hizi tisa zote. Zikivuka baridi bila bomba hata moja kupasuka, mwisho wa Januari hii ni yako, na utaiacha hapahapa kiwanjani mpaka mama apone. Anwani ya hapa utaitumia. Ila likipasuka hata moja, hatudaiani."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akafikiri kidogo. "Bien. Andika, Mama."

Nikaandika kwenye karatasi ya ubao wangu wa kubania, ule wenye orodha ya trela, akatia sahihi taratibu kama mtu anayechonga.

Nimewaona mafundi wengi, lakini kazi ya yule bwana niliikalia kiti nikaitazama. Alizima hita, akaiacha ipoe, akafungua kizibo chake cha chini maji yakamwagika mpaka tone la mwisho. Akamwaga tangi. Akafungua koki zote, ya baridi na ya moto, bafu, choo, hata ile koki ya nje ya kuoshea miguu ambayo wenye trela wengi hawajui kama wanayo. Kisha akaunga kompresa yake na kusukuma upepo, polepole, mkono mmoja kwenye ukuta anasikiliza. Akasema upepo mkali unapasua mabomba kama barafu. Mwisho akamimina kwenye kona za mabomba chini ya masinki ile dawa ya pinki isiyoganda. Nikamwuliza kama si sumu. Akachovya kidole, akalamba.

"Ya gari ndiyo inaua. Hii inaharibu kinywa tu. Ukitaka, onja."

"Onja wewe, mimi bado nina watoto."

"Na mimi niko nao sita. Hawanitumii pesa."

Ujuzi ule aliutoa kambi ya wakimbizi. Alizaliwa Fizi, Kongo, vita vya tisini na sita vikamvusha ziwa mpaka Nyarugusu, Kigoma, akakaa miaka kumi na tisa. Shirika moja lilimfundisha bomba, na kwa miaka kumi na moja alihudumia vituo vya maji vya kambi. Fort Worth walimleta mwaka 2015. Cheti chake cha kambi hakuna aliyekisoma, wakampa kazi ya maboksi.

Desemba yote, kila mwisho wa wiki, alifanya hivyo: asubuhi hospitalini, mchana kiwanjani, jioni hospitalini tena. Ndiyo maana ya ile suruali ya suti chini ya ovaroli, hata siku ile Fort Worth, alipokuwa njiani kwenda Houston. Orpa alikuwa amemkataza kuingia wodini amevaa kama fundi.

Wiki ya pili ya Januari akanipigia Kerubo, muuguzi Mkenya mwenye nyumba hapa Pearland iliyokuwa imeingia maji. Alitaka trela kubwa, ya watu sita.

"Lakini mimi siwezi nunua kitu sijaona ikifanya kazi, Mama Erick. Nataka nione shower ikitoa maji moto. Usinionyeshe picha."

Mteja wa aina hiyo humwachii nafasi ya kufikiri. Jumamosi nikamwambia Wilondja aijaze maji ile kubwa na kuwasha hita, Kerubo anakuja kesho baada ya ibada. Akaijaza. Jumapili Kerubo akatuma ujumbe kwamba ameitwa zamu, atakuja Jumanne. Wilondja alikuwa tayari ameshafungua boneti ya gari lake, anaongeza oili kwa safari ya kurudi. Akaifunga, akaja.

"Mama, nipe saa moja niimwage tena. Redio imesema Jumanne kuna baridi mbaya."

"Halafu Jumanne nani ataijaza? Wewe utakuwa Fort Worth."

"Nitakufundisha."

"Mzee Wilondja, hapa ni Houston. Baridi mbaya ni ya kwenu kule. Iache."

"Mama, hata Houston maji ni maji."

"Iache, nimesema."

Akaiacha. Jumanne hiyo ilinyesha mvua ya barafu, barabara za juu zikafungwa, Kerubo hakutoka nyumbani. Baridi ilikaa usiku mbili. Alhamisi nilipofungua ile trela kubwa, sakafu ya bafuni ilikuwa dimbwi. Bomba nyuma ya bafu lilikuwa limepasuka sehemu tatu na tangi la hita limechanika kama embe lililokanyagwa. Kerubo alikuja, akachungulia mlangoni, akasema "Pole, dada yangu," akaenda kununua kwa mwingine. Zile nane nyingine zilikuwa kavu.

Jumamosi Wilondja akafika. Sitasema kwamba sikujua kosa ni la nani. Nilijua vizuri, maneno yangu mwenyewe nilikuwa nayakumbuka. Lakini nilikuwa nimepoteza mteja, nilikuwa na hasira, na sokoni kwetu bei ya kwanza ni kama kupiga hodi: unaitaja ya juu, mwenzako anaruka, anacheka, anakutukana kidogo, ndipo mazungumzo yanaanza. Akilini nilikuwa na bei ya pili tayari. Airekebishe ile kubwa kwa mikono yake, ile ndogo aichukue kama tulivyopatana. Angenikumbusha tu kwamba mimi ndiye niliyesema iache, ningeshuka hata chini ya hapo, ningenunua na vifaa.

Nikashika ubao wangu, nikamwambia: "Moja limepasuka. Makubaliano yamekufa."

Nikasubiri aruke.

Akaangalia karatasi, akaangalia ile trela kubwa. "Sawa, Mama," akasema.

Akaingia ndani ya ile kubwa, akamwaga maji yaliyobaki, akasukuma upepo, akamimina ile dawa ya pinki kwenye masinki, kazi ambayo sikumwomba. Kisha akakunja waya wa kompresa yake, akaiweka kwenye buti, akanipa mkono wa kuagana na kuondoka kwenda hospitali.

Nilijiambia atapiga simu. Mteja akigeuka humwiti, unamwacha apige hatua zake, ukimkimbilia umeshauza kwa hasara. Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Wiki ya kwanza hakupiga. Ya pili nikaona ana kiburi. Ya tatu nikashika simu mara mbili na kuiweka. Februari ikaisha, na nafasi ya tawi la Houston meneja wake akampa mtu mwingine.

Orpa alifariki Machi, Jumatano saa nne asubuhi. Homa ilimpanda ghafla asubuhi ileile. Wilondja alikuwa ghalani Fort Worth, simu iko kwenye kabati kwa sababu ndani haziruhusiwi. Alipofika Houston walikuwa wameshamtoa kitandani. Kutoka kiwanjani kwangu mpaka mlango wa hospitali ile ni dakika ishirini na tano kwa gari, nimezipima mwenyewe.

Habari niliipata kwenye kundi la wasapu la Waafrika Mashariki. Nikaenda msibani Fort Worth. Chumba kilikuwa kimejaa Wakongomani, wanawake chini kwenye mikeka wanaimba, wanaume wamepanga viti mpaka nje kwenye ngazi. Wilondja alinipisha kiti chake, akaketi kwenye boksi la soda.

Shemeji yake, mwanamke anaitwa Annonciata, akaniletea chai na kunitazama kwa muda kuliko chai ilivyohitaji.

"Ni huyu mwenye trela?" akamwuliza Wilondja, mbele yangu.

"Ni huyu. Mwache anywe chai."

Nikamwuliza, maana jambo likinikaa rohoni silali: "Mzee Wilondja, siku ile mbona hukunijibu? Mimi nilikuwa nasubiri useme."

"Niseme nini? Ulisema yamekufa."

"Ile ilikuwa bei ya kwanza tu."

Akarudia, polepole: "Bei ya kwanza."

"Ungebishana kidogo, ungepewa. Ulikuwa na haki. Mimi ndiye niliyekukataza kumwaga maji."

"Najua. Nilikuwepo." Akasugua magoti yake. "Mama, kambini mtu mwenye liste hubishani naye. Ukibishana, kesho jina lako haliko. Nimeona familia zimekosa unga mwezi mzima kwa sababu baba yao alijibu. Wewe ulikuwa na karatasi mkononi. Nikasema, huyu amekwisha kukata shauri."

"Kwetu hatukati hivyo."

"Sasa nimejua," akasema. "Mimi nilifikiri tunaongea nyumba."

Annonciata akachukua kikombe changu kikiwa hakijaisha.

Nilimwambia trela ile ndogo ni yake, aje aichukue wakati wowote. Nilimaanisha. Akaja Aprili, na pikapu ya kuazima na mtu wa kanisani kwao. Akaizunguka, akafungua mlango, akakaa dakika moja kwenye kitanda. Akatoka.

"Merci, Mama. Lakini Houston sina kitu tena. Na kule tunakoishi hawaruhusu kuegesha."

Alichoondoka nacho Houston ni mfuko wa plastiki waliompa hospitali, una kandambili, Biblia na chaja. Alirudi kwenye maboksi, na kusafiri kila Jumamosi kukakoma. Tangu hapo trela hajanikaushia tena. Msimu uliofuata nilimwajiri kijana wa Kimarekani, akanipotezea hita mbili.

Ile kubwa niliiuza kwa hasara. Zile nane alizokausha, saba zilipata wateja wazuri kabla ya Juni, na hakuna hata moja iliyorudishwa kwa kuvuja. Ndizo zilizonipa mtaji wa kununua kiwanja badala ya kukodi. Ile ndogo ilichukuliwa na mzee anayeuza chambo cha samaki kando ya barabara ya kwenda Galveston. Mabomba hakuyahitaji. Aliyang'oa yote siku ileile, akaniachia pale kiwanjani.