Hina ya Kuendea Kliniki

Usiku ule wa kuamkia kliniki nililala nyayo zikiniwaka moto, na nilipopitiwa tu na usingizi nikamuona somo yangu, Bi Mwanaisha.

Huyu ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, ndiye aliyenipaka hina ya harusi. Alikufa zamani, shingo imemvimba, na kaifunika kwa mtandio mpaka siku ya kuoshwa. Kumbe nami ugonjwa ungenishika hapo hapo: saratani ya tezi ya shingo. Nimepasuliwa, nimenyweshwa dawa ya mionzi, wapi! Ikarudi. Ndipo daktari akaniingiza kwenye majaribio ya vidonge vipya vinavyoilenga saratani yenyewe. Uvimbe ukaanza kunywea. Lakini vidonge hivyo hivyo vikanibabua nyayo, zikatoka malengelenge. Nikaogopa: wakiona hivi watanitoa, na dawa nyingine sina. Basi nikajipaka hina nzito. Nesi akiuliza, "Kuna badiliko lolote?" najibu hakuna. Mume wangu, maskini, akadhani najipamba kwa ajili yake.

Katika ndoto niko ukumbini kwa somo, nimenyoosha miguu mkekani kama mwari. Ananiinamia.

"Shikamoo, somo."

Anakitazama kisigino changu, anasonya.

"Nani kakupaka uchafu huu?"

"Mimi mwenyewe."

Anamimina maji ya birika. Hina inatoka yote, na chini yake nyama nyekundu. Mara ukumbi ni kliniki. Mabenchi yamejaa wanawake nisiowajua, wote wamefunga mitandio shingoni, wanasubiri vidonge kama vyangu. Navuta kanga nijifunike; somo anaukanyaga upindo.

"Somo, wataninyima dawa! Nitakufa!"

"Si wewe uliyetangulia? Usiposema palipo na mwiba, hawa wakanyage?"

"Lakini wewe ndiye uliyenifunza kusitiri!"

Hapo akaufungua mtandio wake. Nilichokiona sikisimulii.

"Nilikufunza nilichokijua," akasema, sauti imekauka kama zile siku zake za mwisho. "Kusitiri kumenizika. Funua, mwanangu."

Niliamka nalia. Alfajiri ile ile nikaingia bafuni, nikasugua nyayo kwa sabuni na dodoki, meno nimeyakaza kwa maumivu. Wapi! Hina ya kweli haitoki kwa birika moja. Mume wangu akasimama mlangoni.

"Mbona unaitoa? Imekupendeza."

"Haijanipendeza," nikamwambia. "Njoo utazame vizuri."

Akachuchumaa, akaushika mguu wangu, akaugeuza kwenye mwanga. Kisha akasema, "Ya Rabi! Na hivi ndivyo unavyotembea?" Akaenda kunitafutia viatu vilivyo laini.

Mpaka sasa naogopa, siwezi kudanganya. Wakinitoa, sijui nitashika wapi. Lakini wale wanawake wa kwenye mabenchi hawanitoki machoni. Leo nesi akiuliza, navua viatu.