Mzee Aliyenimegea Bukari

Mwanangu, tangu uliponiambia nawe una sukari, nakumbuka mchana nilipomshtaki mzee mmoja mbele ya wodi nzima kwamba ananimalizia chakula.

Nilikuwa ningali kijana, mtu wa kiti na nyumba; safari yangu ndefu ilikuwa kutoka sebuleni mpaka mezani. Nililazwa kwa ugonjwa wa sukari, na kidonda cha kidole cha mguu kilichokataa kupona. Daktari alisema kisipofunga, watakata. Basi nikaacha sukari kwenye chai, nikajiona nimemaliza kazi. Bukari, ugali wetu wa unga mtupu na maji, ina kosa gani?

Pale hospitali haipiki. Kila mgonjwa huletewa sufuria na watu wake. Mama yako alikuwa akitoka nyumbani Dilala na bukari kubwa kama vilima vya udongo wa mgodi kule Mashamba. Kwenye kitanda cha pili alilala Tata Kalonji, mtu wa Kasai aliyezeekea mgodini, mgonjwa wa sukari kama mimi, mwenye mguu mmoja. Sahani ikifunguliwa tu, anaita, "Mutoto, mukubwa anamegaka wa kwanza."

Anamega nusu, anaitia kwenye mfuko, anatoka nayo barazani kwa mkongojo. Nani atamnyima mzee? Nabaki na nusu yangu na sombe nyingi, majani ya muhogo, tumbo likinguruma. Mama yako akaongeza bukari. Mzee akaongeza mkono.

Siku hiyo nikachoka. "Tata, banakuleteaka yako. Juu ya nini unamaliza yangu?"

Mama mmoja aliyekuwa akimuuguza mumewe akacheka. "Bukari yako tunakulaka sisi kule inje, na batoto. Yeye hata tonge haonje."

Mzee akapiga shuka pale mguu wake ulipoishia. "Mi nilikulaka yangu yote, mutoto. Hakukuwa mutu wa kuninyang'anya."

Kuanzia hapo nilimega mwenyewe nusu ya kuwapa wa barazani, na kidonda kikafunga polepole.

Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu ninalo; ni huruma ya mkuu mwenyewe. Leo natembea kwa miguu mpaka soko la Manika, na vijana wa pikipiki wananihurumia, wakidhani nimefilisika.

Kwa hiyo, mwanangu, sukari haikai kwenye kikombe tu. Imo hata katika bukari isiyo tamu. Punguza tonge, ongeza majani, kunywa dawa kama ulivyoambiwa, na usilolijua muulize muuguzi. Mungu akujalie meza isiyokauka, mkubwa wa kukumegea, na uzee wa miguu miwili.