Trekta Linalalaga Mlimani

Enzi zetu, wenzangu mliokula ugali wa muhogo kwa samaki furu mkashiba, trekta halikuwa kitu cha kulimia tu. Lilikuwa basi, lilikuwa lori, lilikuwa gari la harusi na gari la msiba. Mabasi ya Musoma yalikuwa yamewekwa juu ya mawe kwa kukosa matairi, na lori likipita mara moja tulilizungumza wiki nzima. Kijiji chetu, kati ya Murangi na Nyegina, kilikuwa na trekta moja jekundu, au tuseme lililowahi kuwa jekundu, na dereva wake alikuwa baba yangu, Magesa.

Vijana wa siku hizi wakikaa dakika tano bila bodaboda kutokea wanalalamika kwamba wameteseka. Sisi tulikwenda Bunda kupeleka pamba tukiwa tumelala juu ya magunia, safari ya kutwa nzima, michembe ya viazi mifukoni na vumbi mpaka kwenye meno. Kwaya ya shule ilikwenda Butiama kuimbia wageni ndani ya tela lile lile. Tulianza kuimba tangu nyumbani, na tulipofika mbele ya wageni hakuna aliyebaki na sauti. Waendesha baiskeli walitupita kwenye tambarare wakitucheka, halafu kwenye mwinuko tukawakuta wanahema, nao bila aibu wakashika tela kwa nyuma ili liwavute.

Betri ilikufa nikiwa darasa la tatu. Mpya haikupatikana Musoma wala Mwanza. Baba aliondoka na barua ya mwenyekiti, akarudi na barua ya mwenyekiti. Tangu hapo trekta likawa linalazwa kwenye kilima cha godauni la pamba, pua ikitazama chini, jiwe kubwa mbele ya gurudumu. Asubuhi baba anapanda, jiwe linaondolewa, trekta linateremka kimya kimya, anaachia klachi, linakohoa, linakohoa, linawaka. Likishawaka halizimwi mpaka lirudi kilimani. Hata huko Bunda, pamba ikipimwa, lenyewe linaunguruma nje peke yake. Mtu akimshauri alizime kidogo lipumzike, baba alikuwa na jibu moja tu:

"Trekta linalalaga mlimani."

Nilipofika miaka kumi na miwili ikawa zamu yangu ya Kipaimara. Ibada ingefanyika Jumapili Nyegina, na ikakubalika kwamba watoto wote tutapelekwa na trekta. Gauni jeupe lilitakiwa, na kitambaa cheupe hakikuwepo. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi, viberiti na muuzaji. Mama alitoa shuka lake la harusi, lile alilolidarizi maua mwenyewe kabla hajaolewa, akalikata. Wakati huo alikuwa na ujauzito mkubwa, akishona anaweka kazi juu ya tumbo kama mtu aliyepata meza. Sabuni haikuwepo, basi alilifua kwa majani ya mpapai, akalianika, likatoka jeupe. Maua yaliangukia kifuani. Sijawahi kupenda nguo tena kama nilivyoipenda ile.

Shida ilikuwa tela. Juma lile lilikuwa limebeba samadi na dagaa. Nilianza kulia tangu Ijumaa.

"Baba, gauni litachafuka."

Nilikuwa kifungua mimba wake, na mimi nilijua kwamba hawezi kunikatalia. Jumamosi asubuhi aliteremka na trekta mpaka ufukweni, watoto wote nyuma, tukaanza kusugua tela kwa mchanga na majani. Baba alichovya kijiti kwenye tangi, akakitoa, akakitazama. Dizeli ilikuwa kidogo kuliko alivyodhani.

"Tukiliacha liungurume, kesho hatufiki," alisema. Alitazama wingi wetu, akawatazama na vijana waliokuwa wakivuta nyavu karibu. "Watu mpo. Mtalisukumaga tu."

Akavuta waya wa kuzimia. Ziwa likasikika ghafla. Nilifurahi kwa sababu sasa tungeweza kusugua hata injini.

Jua lilikuwa bado halijafika utosini alipokuja Mama Bwire, mkunga wetu, anakimbia huku kanga inamdondoka.

"Magesa, washa hilo trekta! Mkeo ameshikwa, na mtoto kakaa vibaya. Mimi simwezi huyu, apelekwe Nyegina, zahanati ya masista."

Baba alimtazama Mama Bwire, akalitazama trekta, kisha akanitazama mimi. Alinitazama kidogo tu, akageuka akaita vijana.

Walisukuma. Kadiri walivyosukuma ndivyo magurudumu yalivyozidi kuzama mchangani. Wanaume wanne wakaenda kumbeba mama kwa kitanda, wakashika barabara ya Nyegina kwa miguu, wengine wakifuata nyuma ili wapokezane. Watu wakatumwa kutafuta ng'ombe wa kulimia, nao walikuwa machungani, mbali, nyuma ya miamba. Walipoletwa wakafungwa minyororo ya jembe, jozi nne, na kile kijiji kilichokuwa kinajivunia trekta kikasimama kulitazama likivutwa na ng'ombe. Mzee mmoja akacheka. Hakuna aliyemuunga mkono, akanyamaza. Baba alitembea kando ya gurudumu, mkono juu yake, na mimi nilitembea nyuma yake nikisali sala zote nilizofundishwa kwa ajili ya Kipaimara.

Tulifika juu alasiri. Lilipoachiwa mara ya kwanza liliteremka, likakohoa, likanyamaza chini ya kilima. Ng'ombe wakafungwa tena. Mara ya pili liliwaka.

Tuliwakuta wabebaji mbali sana barabarani, mashati yamelowa. Wakampandisha mama kwenye tela, na bibi aliyekuwa akiwafuata akapanda naye. Tela lilikuwa safi kabisa, halikuwa na harufu yoyote. Nilikaa nimekipakata kichwa cha mama, na kwa mara ya kwanza maishani nililichukia trekta kwa mwendo wake. Watu wa barabarani walikuwa wanatuona kwa mbali, wanashuka baiskeli, wanasimama pembeni mpaka tupite. Mama aliniuliza swali moja tu.

"Gauni umeliweka wapi?"

"Kwenye sanduku, mama."

"Sawa."

Tulifika Nyegina jua linazama. Masista walimwokoa mama. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia. Baba aliliacha trekta likiunguruma nje mpaka dizeli ikaisha likazimika lenyewe, na hakutoka kulitazama.

Mama alibaki kwa masista. Sisi tulirudi Jumapili asubuhi kwa miguu, bibi amembeba mdogo wangu ndani ya kanga. Njiani tulipishana na wenzangu wakienda Kipaimara, nao kwa miguu, vumbi limewajaa mpaka kiunoni. Nguo zao zilikuwa zimechafuka zote, na walikuwa wanaimba. Walipotuona wakaacha.

Sanda haikupatikana popote. Lakini mama alikuwa ameshamwagiza baba kabla hatujaondoka: mtoto afungwe kwa lile gauni. Mimi ndiye niliyelitoa kwenye sanduku nikalikunjua kitandani. Halikukatwa. Bibi alimlaza juu ya yale maua, akamvingirisha, akazungusha mikono ya gauni kifuani pake kama anajikumbatia. Nilipata Kipaimara mwaka uliofuata, nikiwa na sare ya shule.

Baba hakunilaumu hata siku moja. Ningefurahi kama angenichapa. Aliendelea kuliendesha trekta, likiwa linalala mlimani, na lile jibu lake hakulirudia tena.

Kisha mambo yakawa ruksa. Maduka ya Iringo, Musoma mjini, yakajaa ghafla, sabuni za kila rangi, betri zimepangwa kama mikate, na mitumba ikamwagwa chini kwa malundo. Siku moja baba alinichukua mjini, tukaingia duka lenye majora ya kitambaa cheupe kutoka sakafuni hadi darini. Akasimama. Mwenye duka akamwuliza anataka mita ngapi. Baba akatoka nje, nami nikamfuata. Trekta lilinunuliwa na mtu wa Bunda, likavutwa na lori. Furu nao wakapotea ziwani. Baba akafariki bila sisi wawili kuizungumza ile Jumamosi.

Mwaka jana mpwa wangu alioa. Vijana, ambao wamechoshwa na magari mazuri, wakakodi trekta la kizamani kutoka Bunda, jekundu, linang'aa, limefungwa maua. Walilileta kwenye lami na msururu mrefu nyuma yake, wakalirudisha nyuma mara tano ili picha itoke vizuri, kisha wakaliegesha pale uwanjani, kwenye tambarare, na kulizima. Bibi harusi alikuwa ndani ya tela na gauni jeupe, hana tone la vumbi. Sijui kama ndilo lile letu. Yalifanana yote.

Mama, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, aliniambia nimsogeze. Alilizunguka, akatazama chini ya magurudumu, akamwita kijana dereva.

"Baba, mbona mmelizima huku chini? Litawakaje?"

Kijana akacheka kwa heshima. "Bibi, ufunguo tu." Akapanda, akazungusha. Likawaka mara moja, pale pale.

Vijana wakapiga makofi, simu juu. Mama alibaki amesimama, mkono juu ya gurudumu, anasikiliza ile injini kwa muda mrefu.

"Kumbe ni hivyo tu," alisema.

Akaniomba nimpeleke akakae.