Radhi Kati ya Majengo Mawili

Bibi yangu alikataa kuingia ndani. Mkuu wa msafara wa mahujaji alikuwa amekwisha kumwita mara mbili. Wenzake wote walikuwa wamepita mlango wa vioo wa uwanja wa ndege na mabegi yao ya rangi moja, naye amesimama palepale kwenye jua la saa tano, akitazama barabara. Alikuwa anamsubiri mdogo wake.

Kwetu mtu haendi kuhiji akiwa ameacha kinyongo cha ndugu nyuma. Wiki nzima kabla ya safari, Bibi alizunguka Kibiti nyumba kwa nyumba akiomba radhi, mpaka kwa muuza maandazi ambaye Bibi aliwahi kumfokea. Akabaki mmoja. Miaka mingi nyuma, alipohama Mbwera, kule kwenye delta ya mto, Bibi aliuza shamba la mpunga la mama yao bila kumwuliza mdogo wake, na tangu hapo wawili hao walisalimiana misibani tu. Safari hii bibi mdogo, aliyekuwa Dar es Salaam kwa binti yake, alituma neno: radhi ataitoa uwanja wa ndege, ana kwa ana.

Nasi tukajibu, haya, tukutane uwanja wa ndege. Hakuna aliyeuliza jengo lipi. Mtu wa delta akikwambia mkutane dikoni, pale boti zinapofunga, hakuna diko la pili la kukupoteza, na stendi ya Kibiti ni moja. Ilikuwa miaka ambayo kila kitu nchini kilikuwa kinafunguliwa, redio mpya, magari mapya, watu kama sisi kupanda ndege, lakini simu za mkononi bado tuliziona kwa wafanyabiashara tu. Askari wa mlangoni ndiye aliyenishtua. Aliniuliza kama huyo tunayemngoja hakwenda jengo la zamani, kule zinakoruka ndege ndogo za Mafia. Nikakumbuka kwamba binti wa bibi mdogo aliwahi kumpokea mgeni kutoka Mafia; huenda uwanja anaoujua ni ule.

Nilivua viatu, nikakimbia.

Nilimkuta peke yake kwenye nyasi, kajitanda kanga mpya, miguu imemvimba, akichungulia kila gari. Binti yake alikuwa amemshusha hapo akarudi sokoni kwenye biashara yake.

"Mke mwenzangu," akasema, kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wa kike, "mmenificha huku ili asinione?"

Nilimweleza. Teksi haikuwapo hata moja. Akainuka, akatembea hatua kumi, akakaa tena. Niliona kabisa kwamba hatutafika. Nikamwomba anipe neno nilipeleke mimi.

"Nimekaa na jambo hili miaka yote, leo nikupe wewe ukimbie nalo? Nataka anitazame."

Nikamwambia aje polepole, mimi nitatangulia kumzuia Bibi.

Mbele ya mlango wa vioo mkuu wa msafara alikuwa amemshika Bibi mkono, akisema sasa ama aingie ama abaki. Bibi alinitazama mimi.

"Kasemaje?"

Ningeweza kusema yuko njiani. Lilikuwa neno la kweli, na lingemzuia. Nikaona nguo nyeupe aliyoishona mwenyewe kwa safari hii.

"Amekusamehe, Bibi."

Akafumba macho, akasema alhamdulillahi, akaingia, wala hakugeuka.

Bibi mdogo alifika nusu saa baadaye, anachechemea, vumbi mpaka magotini. Aliuliza yuko wapi. Nikamwambia ameingia, na nikamwambia pia nilichosema. Nilidhani atanipiga. Aliweka kiganja kwenye kioo, akachungulia ndani, ambako hapakuwa tena na mtu tunayemjua.

"Umetoa kisicho chako," akasema taratibu.

Nilimwuliza kama angemsamehe. Alikaa chini kando ya mlango, akanituma maji, na nilipoyaleta akayanywa, akajitanda kanga yake upya. Aliporudi kwa binti yake alikataa nimsindikize.

Mwezi ule mzima nilimwombea Bibi arudi hai, ili neno lile alisikie kwa mdogo wake mwenyewe, au alikose. Na kila redio ilipotaja mahujaji, nilitoka chumbani, nisije nikasikia jina lake.