Sukari ya Baba Imeshuka, Binti Anakwisha

Admin, nifiche jina. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, Mkenya, tunaishi Jordbro hapa Stockholm, na kazi yangu ni kuhudumia wazee. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe.

Miaka miwili iliyopita mume wangu aliambiwa ana kisukari. Binti yetu, ambaye sasa ana miaka kumi na sita, alilia siku tatu, kisha akaingia jikoni na kunitoa. Akanunua mizani. Unga wa ugali akautupa, mafuta akayaficha, kila tonge la babake likapimwa. Sukari ikashuka, kitambi kikaisha. Baba akatoa ushuhuda kanisani, watu wakamshangilia mtoto, na mimi mjinga nikawa najisifu kwa wenzangu kwamba watoto wao wanakula chipsi, wangu anakula kama daktari.

Hakuna aliyetazama sahani ya mtoto mwenyewe. Aliacha sukari, akaacha wanga, akaacha hata matunda. Sasa anakula vitu sita tu. Kwenye harusi moja alikuja na kopo lake la chakula, akakaa amelikumbatia. Nywele zinadondoka, hedhi hajaiona miezi mitano, na ndani ya nyumba yenye joto anavaa koti. Nikimpakulia ananijibu Kiswidi, "Jag har ätit," yaani ameshakula. Uongo mtupu.

Nesi wa shule ndiye aliyetushtua, tukatumwa hospitali. Daktari akasema huu ni ugonjwa, mtoto atolewe jikoni, na babake amwambie aache kumpikia, kwa kinywa chake mwenyewe kwa sababu ndiye anayemsikiliza. Tulipoingia kwenye gari mume wangu akaniambia, "Tangu lini mtu akaugua kwa kula mboga? Wewe una wivu tu, kwa sababu sili tena chapati zako. Unataka sukari inipande tena?" Nilitaka kumrukia. Mtu mzima, ana mikono miwili, hawezi kujichemshia sukuma wiki?

Juzi nilimwomba mtoto aache. Siku hiyo alinijibu Kiswahili. "Mama, nikiacha, baba atakufa. Na mimi nikila vibaya, yeye pia atalegea." Nililia. Nikampelekea babake maneno hayo nikidhani yatamwamsha. Akatabasamu. Akasema, "Unaona anavyonipenda?"

Sasa kanisa limewaalika wote wawili Jumapili hii wafundishe familia jinsi ya kula, na mume wangu amekubali kwa niaba ya mtoto. Nataka nisimame katikati ya ibada niseme ukweli wote. Lakini binti aliniapisha nisimwambie mtu kuhusu hospitali, na nikimwaibisha mbele ya vijana wenzake huenda asinisemeshe tena. Nikinyamaza, wazazi watatoka pale wakitamani watoto wao wawe kama wangu.

Ndugu zangu, hasa mliolea wasichana huku ughaibuni, niambieni kabla ya Jumapili: nisimame, au nikae?